Kuchagua Timu na Kuwaacha Wengine
(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya mkutano wa wahitimu, Yakobi)



Kamati iliponiandikia barua kuniomba nizungumze leo, ilinipa mada ya maneno machache tu: uteuzi wa timu ya shule. Nilifahamu mara moja kilicho nyuma ya maneno hayo. Kila mwaka, michezo ya UMISSETA inapokaribia, zinazuka kelele. Fulani kachukuliwa kwa kuwa mjomba wake ni mkubwa. Fulani kaachwa ijapokuwa kijiji kizima kinajua miguu yake. Safari hii kelele zimezidi kwa sababu Umoja wetu umetoa jezi 18, na majaribio yalipotangazwa walifika uwanjani vijana zaidi ya 60. Hesabu hiyo haihitaji mwalimu. Vijana zaidi ya 40 watarudi nyumbani bila jezi. Mimi nimefundisha michezo katika shule za nyanda hizi kwa miaka zaidi ya ishirini, na leo nataka kusema hasa habari za hao 40, kwa maana wale 18 wanao wasemaji wa kutosha.

Kwanza tukumbushane ngazi yenyewe, maana wengi wetu tuliipanda zamani na imebadilika. Kijana anachujwa shuleni, akipita anachujwa katika kata, kisha katika halmashauri, kisha mkoa, na timu ya mkoa ndiyo inayokwenda kwenye mashindano ya taifa, kama ilivyokuwa Mtwara mwaka 2019. Sisi tuliosoma kabla ya mwaka 2012 tulikuwa watoto wa Mkoa wa Iringa. Mchezaji wa Njombe alipofika ngazi ya mkoa alikuta vijana wa Mufindi na wa Iringa yenyewe wakimngoja, na wengi wetu tuliishia hapo. Tangu Njombe ilipokuwa mkoa mwaka 2012, nafasi za mkoa mzima zinagombewa na halmashauri sita: Njombe Mji, Njombe Wilaya, Makambako, Wanging'ombe, Makete na Ludewa. Basi mlango umepanuka. Lakini kadiri mlango unavyopanuka ndivyo wanavyoongezeka wenye matumaini ya kuupita. Halafu vijana hawa waliona Njombe Mji ikicheza Ligi Kuu msimu wa 2017/18, hapa hapa karibu, na Simba na Yanga wakipanda baridi hii kuja kucheza nayo. Timu ilishuka msimu ule ule, lakini matumaini hayakushuka nayo. Kijana wa Yakobi siku hizi hatamani tu kufika Makambako kwa lori la shule akiimba. Anaamini, na ana sababu ya kuamini, kwamba mpira unaweza kumtoa.

Ndiyo maana kumwacha kijana nje ya timu si jambo dogo. Nilipata kuona, katika shule moja ambayo sitaitaja, mwalimu aliyesimama mstarini asubuhi, mbele ya shule nzima na wasichana wakiwamo, akasoma majina ya waliochaguliwa, kisha, kwa kuona ni jambo la kuchekesha, akasoma na majina ya walioachwa. Shule ikacheka. Miongoni mwa walioachwa alikuwamo kijana wa kidato cha tatu aliyecheza beki mwaka uliotangulia. Siku ile hakuingia darasani. Juma lililofuata alionekana siku mbili. Muhula ulipokwisha alikuwa akipasua mbao katika mashamba ya misindano, na hakurudi tena. Sisemi kwamba mpira peke yake ndio uliomtoa shuleni. Nyumbani kwao ada na chakula vilikuwa shida kabla ya hapo. Nasema kwamba mpira ulikuwa kamba iliyomshikilia, na kamba hiyo ilikatwa kwa kicheko.

Sasa tuingie katika majaribio yenyewe. Majaribio ya siku moja hayafai. Nalisema hilo bila kupepesa. Katika mwezi wa Mei na Juni hapa kwetu mnajua kulivyo; ukungu unashuka, vidole vya miguu havijisikii, na nusu ya vijana wamekuja peku au kwa njumu za kuazima zinazowabana. Mmoja katembea saa nzima kutoka kitongojini bila kula kitu, mwingine anakaa bweni na amekunywa uji. Ukiwapima wote jioni ile moja, umepima uji. Wape siku tatu, na siku hizo zitawanyike katika majuma mawili. Siku ya kwanza wacheze tu, wote, hata kwa zamu za dakika kumi na tano. Siku ya pili wachanganye: wale waliozoeana watenganishe, maana kuna mchezaji anayeonekana hodari kwa sababu ndugu yake anampa kila mpira, na kuna mwingine haonekani kwa sababu hakuna anayempa. Siku ya tatu waweke katika nafasi unazozihitaji. Na wale wa timu ya mwaka jana nao wacheze, wasikae pembeni wamevaa koti wakiwatazama wenzao kama wakaguzi.

Mwalimu asiwe peke yake. Awatafute watu wawili wenye jicho, ikiwezekana mmoja asiye wa shule hii. Kila kijana apewe namba, hata kama ni karatasi iliyobandikwa mgongoni, ili mtazamaji aandike namba asiandike ukoo. Kila mmoja aandike maoni yake kimya, kisha ndipo wakae wazungumze. Wakianza kuzungumza kabla ya kuandika, mwenye sauti kubwa ndiye atakayechagua timu.

Hapo mtu ataniuliza: kwa nini tusifanye kama majirani zetu Wakenya katika riadha? Wanakimbia, wa kwanza wanachukuliwa, mambo yamekwisha. Njia hiyo ina uzuri wake mkubwa, nao ni kwamba hakuna awezaye kusema habari za mjomba. Utepe hauna ukoo. Lakini tazameni yaliyotokea mwaka 1992. Moses Kiptanui alimaliza wa nne katika majaribio ya mbio za kuruka viunzi na maji za mita 3,000, akaachwa, asiende kwenye Olimpiki ya Barcelona. Mwezi wa Agosti mwaka huo huo alivunja rekodi ya dunia ya mita 3,000 huko Cologne, na siku tatu baadaye akavunja na ile ya viunzi na maji huko Zürich, kwa dakika 8 na sekunde 2 nukta sifuri nane. Kijana aliyeachwa ndiye aliyekuwa na mbio kuliko wote duniani. Lakini msikimbilie kuwalaumu waliomwacha, kwa sababu Wakenya watatu waliokwenda Barcelona walileta dhahabu, fedha na shaba zote tatu: Matthew Birir, Patrick Sang na William Mutwol. Basi uteuzi ulikuwa sahihi, na aliyeachwa alikuwa hodari. Mambo hayo mawili yanaweza kuwa kweli kwa wakati mmoja, na mwalimu asiyeyaelewa atajikuta anamtukana kijana ili apate kuutetea uamuzi wake.

Na huyo Patrick Sang aliyepata fedha ndiye baadaye aliyemlea Eliud Kipchoge. Kipchoge alikuwa bingwa wa dunia wa mita 5,000 mwaka 2003 akiwa kijana wa miaka 18. Akapata shaba Athens mwaka 2004 na fedha Beijing mwaka 2008. Mwaka 2012 akaachwa. Hakupata nafasi ya kwenda London, si katika mita 5,000 wala 10,000. Akahamia barabarani, mwaka 2013 akashinda mbio zake za kwanza za marathoni huko Hamburg, na dhahabu mbili za Olimpiki zikafuata, ya mwaka 2016 na ya mwaka 2021. Nawatajia habari hii kwa sababu moja tu: alipofungiwa mlango mmoja alikuwako mtu wa kukaa naye na kumwonyesha mwingine. Tusiwaambie vijana wetu kwamba kila aliyeachwa atakuwa Kipchoge. Huo ni uongo, na vijana wanaujua uongo. Lakini hata aliyeachwa anastahili kuwa na mwalimu.

Mpira wa miguu, hata hivyo, hauna utepe. Hapana budi mtu aamue kwa macho, na macho hudanganywa na jambo moja kuliko yote, nalo ni ukubwa wa mwili. Nchini Kanada mtafiti mmoja, Roger Barnsley, pamoja na wenzake, walichunguza katika miaka ya 1980 vijana waliochaguliwa kucheza mpira wa magongo wa barafuni. Walikuta kwamba waliozaliwa miezi ya mwanzo ya mwaka walikuwa wengi kupita kiasi, na wa miezi ya mwisho wachache. Sababu yake si nyota. Hesabu ya umri kwao inaanza Januari, kwa hiyo mtoto wa Januari ana karibu mwaka mzima zaidi ya yule wa Desemba, amekua zaidi, anaonekana hodari, anachaguliwa, anafundishwa vizuri zaidi, na baada ya miaka michache anakuwa hodari kweli. Yule mdogo alikwisha kukata tamaa zamani.

Kwetu hapa tofauti si ya miezi. Ninyi wenyewe mnakumbuka, katika darasa moja tulikuwa na mwenye miaka 14 na mwenye ndevu. Hata leo utamkuta wa kidato cha pili ambaye hajabalehe anagombea mpira na mtu aliyekwisha kubeba magunia ya viazi misimu mitatu. Siku ya majaribio yule mkubwa anamsukuma, mpira unabaki kwake, na watazamaji wanaandika "hodari." Mimi nilijizoeza kutazama kitu kingine. Nilitazama kijana anafanya nini kabla mpira haujamfikia: je, amegeuza shingo kuona nani yuko nyuma yake? Nilitazama anafanya nini baada ya kupoteza mpira: anasimama na kushika kiuno, au anaufuata? Mambo hayo mawili hayataki kilo. Nguvu zitakuja zenyewe, na ugali wa hapa haujapata kumwangusha mtu.

Kuhusu nidhamu nitakuwa mfupi. Mwaka 2018 Emmanuel Amunike, Mnaijeria aliyekuwa ameanza kuifundisha Taifa Stars, aliwaondoa kikosini wachezaji kadhaa, wengi wao wa Simba, kwa kuchelewa kuripoti kambini, na mechi ya Uganda ilikuwa mbele yake. Nchi nzima ikasimama. Walikuwamo Erasto Nyoni na John Bocco, watu wakubwa kwelikweli. Timu ikaenda Kampala bila wao ikatoka sare ya bila kufungana. Lakini mlango haukufungwa kwa msumari. Walirudi, na tarehe 24 Machi, 2019, tulipoifunga Uganda mabao 3 kwa bila Dar es Salaam na kwenda Kombe la Mataifa ya Afrika baada ya miaka 39, bao moja lilikuwa la huyo Nyoni, kwa penalti. Wako waliosema Amunike alikuwa mkali mno. Mimi sikuwa miongoni mwao. Sheria ya shule nayo iwe hivyo: itangazwe kabla ya majaribio, imguse nahodha kama inavyomgusa mgeni, na mwenye kuadhibiwa ajue siku ya kurudi.

Sasa nimefika mahali ninapotaka kukaa kidogo, yaani namna ya kumwambia kijana kwamba ameachwa.

Desturi yetu ni karatasi kwenye ubao wa matangazo. Mwalimu anaibandika jioni, kisha anapotea. Vijana wanajazana, wanasukumana, aliyeliona jina lake anapiga kelele, asiyeliona anasoma mara ya pili kutoka chini kwenda juu, kisha anaondoka polepole ili asionekane. Si kwetu tu. Michael Jordan, yule wa mpira wa kikapu, aliachwa kwa karatasi kama hiyo mwaka 1978 katika shule yake ya sekondari ya Laney, mjini Wilmington, Marekani. Alichukuliwa mwenzake aliyekuwa mrefu zaidi, na Jordan akaenda nyumbani akajifungia chumbani akalia. Watu hupenda kuisimulia habari hiyo ili kumcheka kocha. Husahau kwamba Jordan hakufukuzwa. Aliwekwa katika timu ya pili ya shule, na huko akacheza kila mechi, mpaka akarefuka. Angekaa benchi la timu ya kwanza mwaka mzima akigawa maji, sijui kama tungemsikia. Nitairudia habari hiyo ya timu ya pili.

Mimi nilifuata utaratibu huu. Karatasi haibandikwi mpaka kila aliyeachwa awe amekwisha kuambiwa kwa mdomo. Vijana 40 ni wengi, najua. Lakini dakika tatu kwa kila mmoja ni saa mbili, na saa mbili tunazipoteza kila juma kwa mambo yasiyo na maana. Waambiwe jioni baada ya masomo, wala si asubuhi, ili mtu asikae na uchungu huo katika hesabu na fizikia. Waliokuwa katika timu ya mwaka jana waitwe kwanza, kila mtu peke yake, kwa sababu wao wanaondolewa kitu walichokuwa nacho. Mahali pawe wazi lakini pasipo wasikilizaji. Chini ya mti, kando ya goli, mahali ambapo mwalimu na kijana wanaonekana lakini hawasikiki.

Maneno yawe machache. "Mwanangu, safari hii hukuingia katika kikosi." Hilo litamkwe kwanza, lisifichwe nyuma ya sifa. Nimewasikia walimu wakianza, "Wewe ni kijana mzuri, una bidii, una adabu," na kijana anaanza kutabasamu, akidhani amechaguliwa. Huo ni ukatili usiokusudiwa. Likisha kutamkwa, umpe sababu moja ya kweli, moja tu, aliyoiona hata yeye mwenyewe: "Unapokaba unautazama mpira, humtazami mtu, na mara mbili siku ya pili alikupita." Usimlinganishe na mwenzake. Ukisema, "Fulani ni bora kuliko wewe," umekwisha kumpa adui ndani ya darasa lake. Kisha umwambie siku ya majaribio mengine, na iwe siku ya kweli yenye tarehe. Halafu unyamaze.

Kunyamaza ndiko kugumu kuliko yote. Kijana mmoja alinitazama kwa muda mrefu, akasema, "Mwalimu, sasa nyumbani nitasemaje?" Sikuwa nimelifikiria swali hilo hata siku moja, nami nikaona ndilo swali lenyewe. Hakuwa akiulizia mpira. Alikuwa amekwisha kumwambia baba yake kwamba atakwenda mashindanoni, na baba amekwisha kuwaambia wazee wenzake kilabuni kwenye ulanzi. Tangu siku ile nikaongeza jambo moja: kumwuliza kijana ni nani anayengoja habari hizi, na kama angependa niende nikazungumze naye. Wengi walisema hapana. Wachache walisema ndiyo, na nilikwenda.

Kwa wazazi, mzee akifika shuleni na fimbo yake na hasira yake, mwalimu amkaribishe kiti kwanza. Shikamoo haijapata kumpunguzia mwalimu cheo. Amwonyeshe daftari: namba ya kijana, siku tatu za majaribio, maandishi ya watazamaji watatu. Asimwonyeshe ya watoto wa wenzake. Mzee anaweza asikubali, lakini ataondoka akijua kwamba mwanawe alitazamwa. Malalamiko mengi niliyoyapokea katika miaka yangu, ukiyachambua, hayakuwa kwamba mtoto kaachwa. Yalikuwa kwamba mtoto hakutazamwa.

Baada ya hapo mwalimu wa michezo aombe daftari la mahudhurio la darasa kwa majuma mawili. Aliyeachwa akikosa siku mbili mfululizo, afuatwe.

Ndugu wahitimu, sasa nawageukia ninyi, na mtaniwia radhi kama nitasema wazi. Tumetoa jezi. Tumefanya jambo jema, na Mkuu wa Shule amekwisha kutushukuru. Lakini mwenye kutoa jezi hakununua timu. Nimeambiwa na mwalimu wa michezo, nami nimepata idhini yake kulisema hili bila majina, kwamba tangu jezi zile zifike amepigiwa simu mara nne na watu waliomo katika chumba hiki, kila mmoja akimkumbusha kijana wake. Hakuna aliyetoa amri. Kila mmoja alisema kwa upole: "Mwalimu, yule dogo ni wa kwetu, mwangalie." Lakini mwalimu huyo ni kijana aliyeanza kazi juzi, yuko mbali na kwao, na anatutazama sisi kama wakubwa wake. Neno "mwangalie" kwake ni zito kama gunia. Akilikubali mara moja tu, vijana watajua kabla jua halijatua, maana vijana wanajua kila kitu. Na yule aliyechaguliwa kwa haki naye ataitwa mtoto wa simu. Naomba Mwenyekiti aliweke katika kumbukumbu za mkutano: mhitimu asimpigie mwalimu simu kuhusu mchezaji kuanzia siku majaribio yanapotangazwa mpaka orodha itakapobandikwa. Na mhitimu ambaye mwanawe au mpwa wake anagombea nafasi asiwe mmoja wa wale watazamaji watatu.

Sasa nairudia timu ya pili. Nimeona katika ajenda ya alasiri kuna pendekezo la kununua jezi nyingine 18, za ugenini, zenye rangi tofauti. Mimi napinga. Timu iliyo na jezi moja inaweza kuazima vizibao siku ya mechi ya ugenini. Fedha hizo zinunue mipira na vizibao vya mazoezi, na ziunde timu ya pili, yenye ratiba yake. Shule za kata jirani zina vijana walioachwa kama hawa wetu. Wacheze wao kwa wao kila Jumamosi ya pili. Hapo wale wadogo wa kidato cha kwanza na cha pili watapata dakika za kucheza, na dakika za kucheza ndizo zinazomkuza mchezaji. Miili itakapofika, miguu itakuwa imekwisha kujua kazi.

Watakaobaki nje hata ya timu ya pili watafutiwe mahali, lakini pasiwe mahali pa kudanganyia mtoto. Kumpa kijana ndoo ya maji na kumwita "msaidizi wa timu" ni kumwaibisha mara ya pili, isipokuwa kama amejitolea mwenyewe. Lakini kuna kazi za heshima. Fundisha wachache sheria kumi na saba za mpira na uwape filimbi katika mechi za mabweni. Mwamuzi wa miaka 16 anayezijua sheria huheshimiwa kuliko winga. Kuna riadha, ambayo katika miinuko hii tumeipuuza kwa namna nisiyoielewa. Mita zipatazo 2,000 juu ya usawa wa bahari, barabara za vumbi, na vijana wanaotembea kilomita nyingi kila siku. Wakenya wangeshukuru kupata mahali kama hapa. Kuna mpira wa wavu, unaotaka kamba na mipira miwili tu. Na wasichana wetu, nisije nikawasahau kama tunavyowasahau, wanayo majaribio yao ya netiboli na ya mpira wa miguu, na yote niliyoyasema yanawahusu vivyo hivyo, tena zaidi, kwa kuwa wao mara nyingi hawatangaziwi hata siku ya majaribio. Wanaitwa tu wale wanaojulikana.

Mtu mmoja aliniambia mlangoni asubuhi hii kwamba mambo haya ni kudekeza, na kwamba sisi tuliachwa na hatukufa. Ni kweli hatukufa. Lakini waliopo hapa leo ni wale ambao hawakuondoka shuleni. Walioondoka hawakupata barua ya mwaliko, kwa hiyo hatuwezi kuwauliza. Wazee mtakumbuka pia mwanzoni mwa miaka ya 2000, michezo ya shule iliposimamishwa nchi nzima ikapita miaka bila mashindano haya. Wakati ule hakuna kijana aliyeachwa nje ya timu, kwa kuwa timu hazikuwapo, na sidhani kama yuko mwalimu anayetamani wakati ule urudi. Mchujo ni lazima uwepo. Ninachozungumzia ni saa mbili za jioni na daftari moja.

Ndugu Mwenyekiti, majaribio ya siku ya pili ni Jumatano ijayo saa kumi jioni, na mwalimu anahitaji watazamaji wawili. Mmoja nimekubali kuwa mimi, kwa kuwa sina mtoto wala mpwa katika shule hii. Namwomba atakayejitolea kuwa wa pili ajiandikishe kwa Katibu kabla ya chakula, na aje na koti. Karatasi za namba ninazo mimi.